Herufi Sita Mfululizo

9 Januari

Mpwa wangu Kakakuona,

"Anayepima kweli hawezi kuandika herufi moja mara sita mfululizo."

Maneno hayo si yangu, Mungu aniepushe. Yamechapwa kwenye kijitabu alichokabidhiwa mama yako Jumatatu pamoja na barua ya kumsimamisha kazi. Nimeyasoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya nne nilitafuta kitu cha kupiga teke, nikapata ndoo, na sasa kidole gumba cha mguu kimevimba.

Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu. Nisamehe, unanijua. Hujambo? Kile chumba chako kipya kina dirisha, au bado unaishi kama nguo kabatini? Sisi tunaendelea. Mke wangu anakusalimu. Mdogo wako amepata leseni ya udereva baada ya kufeli mara tatu, sasa watu wa mtaani wanatembea wakiwa wamebana ukutani. Gazeti bado linanivumilia: safu yangu inatoka kila Alhamisi, na kila Ijumaa napokea matusi. Wiki ambayo hayaji najua nimeandika vibaya.

Sasa jambo lenyewe. Kazi ya mama yako pale kituo cha kusafisha maji unaijua. Kila nusu saa anachota maji kwenye bomba la mwisho, anajaza chupa ya kioo, anaishika mbele ya dirisha, na nyuma ya chupa kuna kibao cheupe chenye mistari myeusi. Akiiona mistari yote anaandika S, yaani safi. Ikififia anaandika U, ukungu. Isipoonekana kabisa, T, tope. Zamu moja ni herufi kumi na sita. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili.

Tangu Oktoba karatasi zao zinaingizwa kwenye kompyuta, na humo kuna programu inayohesabu herufi zinazojirudia. Herufi moja ikifuatana mara sita, programu inaandika kando: AMENAKILI. Maana yake hakupima, alikaa kitini akajaza tu. Lakini huu ni wakati wa ukame! Mto umetulia, maji yanatoka meupe kabisa. Mama yako aliandika S kumi na sita kwa sababu aliona S kumi na sita. Walitaka aandike nini, shairi?

Nilikwenda getini nikamkuta mwenzake wa zamu ya mchana, yule tunayemwita Mzee Redio kwa sababu hazimiki.

"Wewe hukukamatwa?" nikamuuliza.

"Nilikamatwa wiki ya kwanza, ndugu mwandishi. Wote kumi na wawili tulikamatwa. Msimamizi akatuita pembeni akasema, changanyeni changanyeni kidogo, mashine itulie. Basi mimi kila herufi ya tano natupia U. Kama chumvi vile."

"Hata maji yakiwa safi?"

"Maji hayajui kusoma. Mashine ndiyo inayosoma."

"Na dada yangu?"

Akaangalia viatu vyake. "Dada yako kichwa kigumu. Alisema hawezi kuyasingizia maji."

Rufaa yake itasikilizwa tarehe 20 Machi. Akishindwa, anaondoka bila cheti cha utumishi, na jina lake linabandikwa kwenye ubao wa kituo kama mghushi. Wewe unaandika programu huko uliko. Nieleze hicho kidudu kinafanya nini hasa, kwa lugha ninayoweza kumrushia mtu usoni.

Mama yako alinikataza nisikuandikie. Alinikataza kwa ukali ambao sikuuelewa. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimeandika barua. Barua haina kitufe cha kukata.

Mjomba wako


17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Pole kwa kidole. Chumba kina dirisha, linatazama ukuta wa jirani, lakini mwanga unaingia saa za asubuhi. Mpongeze mdogo wangu na umwambie asiguse gari la mtu. Mama anakula vizuri? Analala?

Umeuliza programu kama hiyo inafanya nini. Kuhesabu herufi zinazojirudia ni zoezi la kwanza kabisa analopewa mtu anayejifunza kazi yetu. Mimi nilifundishwa na wewe kabla sijaiona kompyuta. Unakumbuka kule kwenye kiwanda cha uchapaji, ulipokuwa ukipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono? Ulinikalisha juu ya rundo la karatasi, ukanipa njiti za kiberiti na jina langu la utani. Kakakuona. Nikikutana na herufi mpya naitengea nafasi mezani na kuiwekea njiti moja. Nikiikuta tena, naongeza njiti. K tatu, a tatu, u moja, o moja, n moja. Kompyuta inafanya hivyo hivyo, ila haina njiti na haichoki.

Hiyo ni hesabu ya jumla. Kuna nyingine, ya mfululizo. Hapo unaishika mkononi herufi iliyopita, unaitazama iliyofuata. Ni ile ile? Ongeza moja. Ni nyingine? Rudi kwenye moja uanze upya. Katika kakakuona k zipo tatu lakini hakuna mbili zilizoshikana, kwa hiyo jibu la mfululizo ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Programu unayoieleza inatumia hesabu hii ya pili. Mtu ameiwekea kikomo, na kikomo chake ni sita.

Kwa ujumla programu za namna hii haziwezi kukosea kuhesabu. Labda mama alichoka siku moja mbili. Miaka ishirini na miwili ya kutazama chupa inachosha macho.

Msalimie mke wako. Nitaandika tena.

Kakakuona wako


26 Februari

Kakakuona,

Marahaba. Wote hatujambo, mke wangu amepona mafua, mdogo wako ameshagonga nguzo. Salamu zimekwisha.

"Labda mama alichoka."

Nimeikata sentensi hiyo kwa mkasi na kuiweka ndani ya kamusi, ili mama yako asiikute. Umeisema wewe? Wewe uliyelelewa kwa herufi hizo kumi na sita kwa zamu?

Sikiliza. Nilipanga herufi za risasi miaka saba. Kila siku, kila ukurasa, kisanduku cha a ndicho kilichokwisha kwanza. Tulikuwa tunagombea a kama watoto wanaogombea pembeni mwa kitanda. Tajiri wetu alikuwa na roho mbaya, lakini hata yeye hakuwahi kutuambia tunaiba a. Alijua lugha yetu ndivyo ilivyo, inairudia a, na karatasi inayoandikwa kwa lugha hii lazima iirudie. Kinachojirudia si lazima kiwe kimenakiliwa. Moyo wako umesema neno moja tangu uzaliwe. Nenda kamwambie daktari kwamba umenakili.

Nani basi ananakili pale kituoni? Wale kumi na mmoja wanaotupia U kama chumvi! Programu imewakuta watu kumi na wawili wakisema kweli, ikawafundisha kumi na mmoja kudanganya, na yule aliyegoma ikamwita mwongo. Na wewe unaniambia "kwa ujumla." Kwa ujumla gani? Kwa ujumla mtu hai hana homa. Kipimajoto tunakinunua cha nini?

Jana nilimkuta mama yako amepanga glasi nne dirishani jikoni. Nyuma yake amesimamisha kalenda, ili atazame tarehe kupitia maji ya bomba. Kila nusu saa anamwaga, anachota, anatazama, anaandika kwenye daftari.

"Unamwandikia nani?" nikamuuliza.

"Naandika tu."

"Mtu wa kusoma hayupo."

"Maji yapo."

Nikachukua kitambaa nikafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Nataka kwako ukurasa mmoja. Uandike wewe ni nani, unafanya kazi gani, na kwamba programu hii inajua kuhesabu lakini haijui kupima. Utie saini. Ufike kabla ya tarehe 20. Nilipomwambia mama yako kwamba nimekuomba, alikaa chini akasema, "Muache mtoto." Sijui anakuogopea nini.

Na tukiwa hapo: barua yangu ilikuchukua wiki tano kujibu. Muhuri wa posta unaonyesha ya kwako ilichukua siku nne.

Mjomba wako


13 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kidole kimetulia. Nimemtumia mama sweta ya kijivu, ile yenye mifuko, apate pa kuweka miwani. Mwambie avae.

Ule ukurasa nitautuma wiki hii. Nimeuandika mara kadhaa. Kuna mambo ya mkataba na mkuu wangu wa kazi ambayo siwezi kuyaeleza kwenye barua. Naomba usinisukume.

Usiwaulize watu wa kamati ya rufaa nani aliitengeneza programu. Haitasaidia.

Kakakuona wako


23 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Sweta imefika, ameivaa. Sote hatujambo.

Ukurasa wako haukufika.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Juu ya meza palikuwa na jagi la maji, na nilimwona mama yako akilitazama jagi lile kupitia mwanga wa dirisha. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo. Nilikuwa nimeruhusiwa kukaa naye lakini si kusema. Mtu mwenye akili aliniwekea sharti hilo.

Msimamizi akasoma: siku thelathini na nne, kila siku herufi moja imejirudia mara sita au zaidi mfululizo. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye kifua cha kukohoa, akamgeukia.

"Mama, wenzako kumi na mmoja wamejirekebisha. Wewe kwa nini hukujirekebisha?"

"Maji hayakubadilika."

"Hata siku moja?"

"Tarehe 3 Desemba yalikuwa na ukungu saa nne na nusu. Niliandika. Ipo hapo."

Wakatafuta. Ipo. U moja katikati ya S kumi na tano, zikiizunguka kama askari. Programu iliiona tarehe hiyo pia ikaandika AMENAKILI, kwa sababu baada ya U zilifuata S nyingi.

Mwenyekiti akakohoa, akaweka kalamu chini. Nilimwona anaanza kuyumba. Akasema: "Una pingamizi lolote juu ya programu yenyewe? Ukitaka, tunaahirisha. Tutamwita aliyeitengeneza aje hapa atueleze hiyo sita aliitoa wapi."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, Kakakuona. Ulikuwa wazi kabisa. Nilimfinya mama yako kwenye mkono.

Akasema, "Sina."

"Huna pingamizi?"

"Sina."

Kile kijitabu kilikuwa mezani mbele yetu, kimefunguliwa ukurasa wa pili, naye alikuwa ameweka kiganja chake juu ya maandishi. Hiyo ilikuwa nakala ya kamati; ile aliyonionyesha mama yako Januari ilikuwa na jalada na ukurasa wa mwanzo tu; ukurasa wa pili alikuwa ameuchana, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Alipoinuka ili atie saini ya kukubali, nikasoma. Mfano wa kwanza wa hesabu ya herufi: neno kakakuona. K mara tatu kwa jumla, mara moja kwa mfululizo.

Barabarani nilimuuliza tangu lini anajua.

"Tangu siku ile ya barua."

"Na ukanyamaza mbele ya wale?"

"Wangemwita," akasema. "Wangemkalisha pale nilipokaa mimi."

Tulitembea mpaka nyumbani. Jina lake lilibandikwa jana asubuhi. Sina neno la kukurushia, na hilo halijawahi kunitokea tangu nianze kuandika.

Mjomba


15 Mei

Mpwa wangu,

Miezi miwili hujaandika. Nilikuita Kakakuona ukiwa na miaka minne kwa sababu ukiguswa ulikuwa unajikunja mpaka hakuna anayejua kichwa kiko wapi. Nilidhani utaacha.

Salamu za nyumbani ni hizi: tuko hai. Mama yako, mdogo wako, mke wangu na mimi. Mwaka huu salamu hiyo ina uzito wake.

Mvua zilianza tarehe 28 Aprili. Siku ya pili ukingo wa mto ulibomoka juu ya kituo, na maji yakaingia na udongo na kila kilichokuwa juu ya udongo. Zamuni alikuwa Mzee Redio. Aliniambia mwenyewe, amekaa sebuleni kwangu, anaongea polepole kama mtu anayejifunza.

"Niliposhika chupa sikuona hata kibao, achilia mbali mistari. Nikaandika T. Nusu saa, T. Nikasema leo sitii chumvi, leo si siku ya mchezo. Nikaandika T kumi na moja, bwana. Mfululizo. Maishani mwangu sijawahi kuandika ukweli mrefu hivyo."

"Halafu?"

"Mashine ikaandika AMENAKILI. Karatasi iliyoandikwa hivyo haiendi kwa mhandisi wa dawa ya maji. Inawekwa kando, inasubiri mahojiano."

"Hukusema kwa mdomo?"

"Nilikwenda kwa msimamizi. Nilimwambia ni tope. Akanitazama akasema, wewe tena? Miezi saba unaniletea U zako za uongo, leo unataka nikuamini?" Kisha akaongeza: "Na kweli nilimletea."

Mhandisi hakufunga lango la maji wala hakuongeza dawa. Mitaa yote ya chini ilikunywa maji hayo siku mbili na nusu.

Mama yako aliona kwenye glasi zake dirishani saa nne asubuhi, siku ile ile ukingo ulipobomoka. Tarehe ya kalenda ilikuwa imepotea. Alitoka na ile sweta, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine: chemsheni, msinywe hivi hivi. Wengine walimsikiliza. Fundi cherehani wa mlango wa pili, yule mwenye kicheko, alimwambia, "Dada, si ndiyo wewe uliyefukuzwa kwa kutunga?" Wakacheka wote pale barazani, na mama yako akacheka nao kidogo, kwa adabu, akaendelea na mlango wa tatu.

Waliougua sijui ni wangapi. Waliokufa ni tisa. Fundi cherehani alikufa siku ya nne. Nilikwenda kuwapa pole wafiwa. Kwenye cherehani yake bado kuna sare ya shule, sindano imezama kwenye pindo, upande mmoja umeshonwa na mwingine bado.

Siku ya mazishi mama yako alimwaga zile glasi, akazisuuza, akazirudisha kabatini. Daftari amelifunga. Ukimuuliza kama amekula anajibu amekula.

Sikuulizi kitu. Nimekupa habari za nyumbani.

Mjomba


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sistahili kukusalimu lakini nakusalimu.

Ni mimi. Umeshajua, lakini sijawahi kuiandika, na nimeona niiandike: programu ile niliitengeneza mimi.

Nitakwambia sita niliitoa wapi, kwa kuwa mwenyekiti aliuliza na mama akanikinga. Tulipopewa kazi, kituo kilitutumia karatasi za wiki moja kama mfano wa mpimaji mwaminifu. Niliijua ile S yenye mkia mrefu kabla sijasoma juu kumeandikwa nini. Zilikuwa karatasi za mama. Nilifurahi, mjomba. Niliwaonyesha wenzangu, nikasema huyu ndiye mpimaji bora wa kituo, nikakaa kimya kuhusu mengine kwa sababu nilitaka siku moja nimwambie mwenyewe: kipimo cha uaminifu cha mashine nzima ni wewe.

Ilikuwa wiki ya mvua. Maji yalikuwa yakibadilika kila saa, S, U, T, U, S. Nilihesabu mfululizo mrefu kuliko wote, nikapata tano. Nikaweka kikomo sita. Niliona nimekuwa mkarimu, nimeongeza moja. Sikuomba karatasi za kiangazi. Haikunijia. Nimekaa huku miaka mingi kwenye chumba chenye dirisha la ukuta, nikasahau kwamba kuna miezi maji yanasema neno moja tu.

Barua yako ya Januari ilifika ndani ya siku nne. Siku ile ile nilifungua programu nikautazama mstari wenye sita. Ungeweza kuubadilisha kwa muda wa kumenya chungwa. Lakini kwetu badiliko halitoki nje ya chumba mpaka wote sita tuweke alama ya kukubali, na ili waikubali ningelazimika kueleza kwa nini, na kueleza kwa nini ilikuwa ni kusema nilikosea, na kusema mpimaji ni nani. Mkuu wetu alikuwa ametoka kunisifu kwa kazi hiyo mbele ya wateja. Nikakuandikia "labda mama alichoka." Niliandika nikijua si kweli. Ukurasa wa kamati niliuandika mara nne. Kila nilipofika kwenye saini niliuchana.

Barua yako ya Mei niliwasomea wenzangu watano, hapa ghorofa ya tatu, nikiwa nimesimama. Niliwaambia ni mama yangu. Niliwaambia kuhusu T kumi na moja. Mkuu wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana. Lakini programu ilihesabu sawasawa. Herufi zilikuwa kumi na moja, ikasema kumi na moja. Kosa letu liko wapi?" Mmoja alilia. Mmoja akasema tungoje mkataba upitiwe upya Septemba. Waliobaki walitazama meza.

Kituo chenu kimeizima. Lakini inafanya kazi kwenye vituo vingine vinne, mjomba, leo hii ninavyoandika. Nimefuta mstari na alama yangu nimeweka. Zinakosekana tano.

Chapa barua hii. Weka kila kitu. Na kama mama ataruhusu nije, niambie. Kama hataki, usimuulize mara mbili.

Kakakuona


14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mke wangu anakusalimu, mdogo wako anakusalimu.

Nilimsomea mama yako barua yako yote, neno kwa neno, akiwa anakunja nguo. Sikuruka hata pale pa kuchoka. Nilipofika kwenye wiki ya mvua akasimamisha mikono.

"Wiki ile maji yalibadilika kweli," akasema. "Alichagua karatasi nzuri. Ila alichukua chache."

Nikamuuliza, je, aje? Alimaliza shuka, akalipiga piga likae sawa, akachukua lingine. Sikumuuliza mara ya pili, kama ulivyotaka. Usitafute maana kwenye kimya hicho. Nimetafuta wiki nzima, sijaipata. Glasi bado ziko kabatini.

Sikusamehe mimi, kwa kuwa si kazi yangu. Wenye kazi hiyo ni tisa, na hakuna atakayejibu. Lakini umeandika "ni mimi," na umeiandika bila kujikunja. Hiyo nimeiona.

Barua zote zinachapwa Alhamisi, yangu na yako, pamoja na hii. Kwa hiyo kuanzia hapa sisemi nawe peke yako.

Ninyi watano wa ghorofa ya tatu, gazeti hili nawatumia kwa posta, nakala tano, ili pasiwe na wa kusema lake liliazimwa likachanika. "Programu ilihesabu sawasawa. Kosa letu liko wapi?" Ngoja niwaonyeshe. Mlihesabu sawasawa herufi, na hamkwenda hata mara moja kusimama dirishani kutazama maji ambayo herufi zile ziliyataja. Mlimwona mtu anasema jambo lile lile mara kumi na moja, na badala ya kuuliza kuna nini, mkauliza ananakili kwa nani. Mtu anayepiga kelele ya moto naye hurudia neno moja. Hesabu yenu haikukosea. Iliwekwa mlangoni pasipo pake, ikazuia ukweli kupita kwa sababu ulikuwa mrefu, na ninyi mnajua hivyo tangu mwezi Mei, kwa kusomewa, mkiwa mmekaa.

Aliyelia, machozi yako hayafiki kwenye vituo vile vinne. Uliyesema Septemba, mvua haina mkataba na wewe. Mkuu wao, nakualika uje kwenye mlango wa pili kutoka kwa dada yangu. Cherehani bado ipo. Uiambie ile sare kwamba ilikuwa kumi na moja sawasawa.

Sitaki pole yenu. Sitaki maelezo, wala kikao. Wekeni alama zenu leo, mstari utoke. Kisha chukueni karatasi moja, kila mmoja aandike kwa mkono neno "nimefuta" na kutia saini, chini ya mwenzake. Mpwa wangu atakuwa wa kwanza. Nitaihesabu karatasi hiyo mwenyewe, kwa njiti za kiberiti, mezani kwangu.

Nataka sita. Neno moja, mara sita, mfululizo.